Fomu zilizokuwa chini ya kitanda: jinsi memwari moja ya Kadutu ilivyogeuka makala

Memwari (tasnifu, kama wasemavyo wenzetu wa mashariki) ilinifikia ndani ya mfuko mweusi uliokuwa bado unanukia sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Jalada la bluu, kurasa 94, na mbele kabisa ukurasa wa shukrani uliomtaja Mungu, wazazi, direkta (msimamizi wa memwari) na majirani waliomwazima jenereta. Mwenyewe ni muuguzi wa hapa Bukavu. Amesoma jioni huku akifanya zamu za usiku, na alipojitetea mbele ya jury, lile jopo la watahini, alipata alama nzuri. Sasa alitaka kazi yake itoke kwenye jarida la kisayansi. Alikaa, akakataa chai, akauliza moja kwa moja: "Shefu, nipunguze wapi?"

Ninasimulia kisa hiki kwa sababu swali lake ndilo linaloulizwa na karibu kila mtu anayeniletea memwari, na kwa sababu mara ya kwanza nilimjibu vibaya. Nilimwonyesha pa kupunguza. Chuo sitakitaja, wala watu, wala majarida yaliyotukataa.

Kazi yenyewe ilikuwa ya aina tunayoifahamu sote: maarifa, mitazamo na matendo ya akina mama kuhusu chanjo za watoto, katika eneo la afya la Kadutu, hapa mjini Bukavu. Kongo ina maeneo ya afya 519, mkoa wetu wa Kivu Kusini peke yake una 34, na nadhani hakuna hata moja ambalo halijawahi kufanyiwa memwari yenye kichwa hicho. Unabadilisha jina la eneo, unabadilisha ugonjwa, unaendelea. Alihoji akina mama 384 wenye watoto wa miezi 12 hadi 23, umri ambao tafiti za chanjo hutumia kwa sababu mtoto huyo anapaswa kuwa amekwisha kupata zile za mwaka wa kwanza.

Nisimame kidogo kwenye 384, maana namba hii ni ndugu yetu. Chukua 1.96, uizidishe kwa yenyewe, uzidishe kwa 0.5 na 0.5 tena, ugawe kwa 0.05 iliyozidishwa kwa yenyewe: 384. Ni fomula ya mtu ambaye hajui kiwango cha jambo analolipima, kwa hiyo anachukua nusu kwa nusu, na anakubali kukosea kwa asilimia 5 huku au kule. Haina kosa. Kosa ni kwamba fomula hiyo inahesabu watu waliochaguliwa kwa bahati nasibu kutoka kundi lote, wakati sisi tunaingia mtaa kwa mtaa, nyumba ya tatu, nyumba ya sita, na aliyeko sokoni tunamruka. Mhariri wa jarida akiona 384 bila maelezo ya namna watu walivyochaguliwa anajua mara moja anasoma nini.

Basi tulipunguza. Sura ya kwanza, ile ya "mambo ya jumla", ilikuwa na kurasa 31: chanjo ni nini, mama ni nini, maarifa ni nini. Zikaenda. Historia ya Kadutu tangu enzi za Wabelgiji ikaenda, na picha ya hospitali pamoja nayo. Majedwali 27 yakawa 6. Tukabaki na maneno kama 4,000, tukajisifu, tukatuma. Siku ya tisa jibu likaja: kazi haikupelekwa hata kwa wasomaji wa kitaaluma, wale wanaoipima makala kabla haijachapwa. Mhariri aliandika kwa upole kwamba haoni swali linalojibiwa, na kwamba matokeo yanathibitisha tu yanayojulikana.

Alikuwa na haki. Tulimkata mbuzi miguu na pembe tukitumaini atakuwa sungura. Memwari inaandikwa ili jury ione kwamba umesoma, umeshuka uwanjani, umehesabu. Msomaji wa makala hana haja ya kukupima wewe. Anataka kujua jambo moja ambalo jana hakulijua.

Katikati ya unyonge huo ikaingia barua pepe. Ilimwita "profesa mashuhuri", ikasifu "utafiti wake wa thamani" bila kuutaja ni upi, ikaahidi kuchapisha ndani ya saa 72 kwa dola 150. Alikuwa amekwisha kuzungumza na shemeji yake kuhusu mkopo. Nilimwomba anipe usiku mmoja. Tuliangalia kama jarida limo kwenye DOAJ, ile saraka ya majarida ya wazi iliyoanzishwa mwaka 2003, halimo. Tukatafuta majina ya wahariri: wawili hawakuonekana popote kwenye intaneti ila kwenye ukurasa wa jarida hilohilo. Tukasoma toleo la mwisho: makala ya uvuvi, ya saruji, ya saikolojia ya ndoa, yote ndani ya jarida la "tiba". Jarida linalopokea kazi yako ndani ya siku tatu halijaisoma. Na ukishachapisha huko, huwezi kuipeleka kazi ileile kwingine, maana itahesabiwa kuwa imetoka mara mbili. Unalipa dola 150 ili uizike kazi yako.

Nikamuuliza kama fomu za mahojiano bado zipo. Wengi huzitupa siku wanapopata diploma, au huwapa wauza karanga wafungie. Yeye alikuwa nazo, zote 384, ndani ya gunia la mchele chini ya kitanda.

Tulizifungua kwake Nguba, jioni, umeme umeondoka, taa ya simu imeegemezwa kwenye thermos. Nilikuwa natafuta jambo lolote ambalo halikuingia kwenye majedwali. Fomu ilichapishwa kwa Kifaransa. Mahojiano, bila shaka, yalifanyika kwa Kiswahili, kwa sababu hapa Kadutu huwezi kumuuliza mama mambo ya mtoto wake kwa Kifaransa akakujibu kwa uhuru. Memwari haikuwa imesema neno hata moja juu ya hilo. Jury haikuuliza. Sote tunaishi hivyo: tunaandika kwa Kifaransa, tunazungumza kwa Kiswahili, na daraja lililo katikati hatulioni kwa kuwa tunalipita kila siku.

Kwenye fomu za mhoji mmoja kulikuwa na maandishi ya penseli pembeni mwa swali la 17. Swali lilikuwa rahisi: mtoto amepata chanjo? Mhoji huyo aliandika kila mara maneno aliyouliza kweli kwa Kiswahili. Kwenye mojawapo aliongeza: "Bibi anaonyesha kifua." Tulimpigia simu. Alikumbuka. Huko Cimpunda alimkuta bibi na mjukuu, akauliza kama mtoto amechanjwa, naye bibi akafunua shati la mtoto na kuonyesha vialama viwili vya wembe: "Ndiyo, balimuchanja, angalia." Mhoji akaweka alama ya "ndiyo", kisha moyo ukamsuta, akaandika pembeni.

Hapo ndipo makala ilipozaliwa, ingawa ilituchukua wiki mbili kuamini.

Tuliwaomba wahoji wote wanne, kila mmoja peke yake, watutumie kwa WhatsApp sauti yao wakiuliza swali la 17 kama walivyouliza siku ile, bila kutazama fomu. Nilizisikiliza mfululizo nikacheka, halafu nikaacha kucheka. Wa kwanza: "Mama, mutoto balimuchanja?" Wa pili: "Mama, mutoto alipataka masindano yote?" Wa tatu, aliyesoma sana: "Mtoto alipata chanjo?" Wa nne: "Mulimupelekaka ku vaksen?"

Kwenye fomu ya Kifaransa hayo yote ni neno moja. Kwa mama aliyesimama mlangoni ni maswali manne. Kuchanja, kabla ya kuwa kazi ya kituo cha afya, ni kukata ngozi kwa wembe na kupaka dawa; kwa hiyo "ndiyo" ya bibi ilikuwa ya kweli kabisa. Sindano ni sindano yoyote: mtoto aliyelazwa kwa malaria naye amepigwa sindano, tena nyingi. Upande wa pili, neno sindano linaacha nje chanjo zinazopitia mdomoni. Katika kalenda yetu mtoto hupewa matone ya polio anapozaliwa, halafu tena katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14, na chanjo ya rota, ile ya kuhara, nayo hunywewa. Mama aliyeulizwa kuhusu "masindano" hana sababu ya kukumbuka matone. Na yule aliyeulizwa kama alimpeleka ku vaksen alijibu juu ya safari: alienda, ndiyo, akapanga foleni, labda siku hiyo chupa za surua hazikufunguliwa kwa sababu watoto walikuwa wachache, akarudi nyumbani. Jibu bado ni "ndiyo".

Je, tulikuwa na namna ya kujua ukweli uko wapi? Hapa bahati ilitutembelea. Swali la 16 lilimtaka mhoji aombe karte (kadi ya chanjo) ya mtoto, aiangalie kwa macho na kunakili tarehe. Kwenye memwari swali hilo lilikuwa limeishia katika sentensi moja: asilimia ya waliokuwa na karte. Tarehe zenyewe hazikuwahi kuguswa. Kwa hiyo kwa kila mama mwenye karte tulikuwa na vitu viwili, alichosema na kilichoandikwa. Swali jipya likajiandika lenyewe: jibu la mama linalingana na karte kiasi gani, na ulinganifu huo unabadilika vipi kulingana na maneno ya Kiswahili aliyoulizwa?

Nilimwambia asahau maarifa na mitazamo. Alikunja uso. Kurasa 60 za jasho lake zilikuwa huko. Lakini makala moja ina swali moja, na mengine yakae kwenye maktaba ya chuo ambako yana heshima yake.

Kabla ya kuandika kulikuwa na jambo la kibali. Alikuwa na barua ya utafiti kutoka chuoni na muhuri wa ofisi kuu ya eneo la afya, akidhani vinatosha. Havitoshi: barua inakufungulia mlango, kamati ya maadili inachunguza kama anayehojiwa yuko salama na kama alikubali. Majarida mengi ya afya huomba namba ya kibali mwanzoni kabisa, na hakuna kamati ya kweli inayotoa kibali cha kurudi nyuma kwa mahojiano yaliyokwisha kufanyika. Nimeona watu wakibuni namba. Huyu aliiandikia kamati ukweli wote: data zilikusanywa kwa memwari, akina mama walikubali kwa mdomo, ruhusa za utawala zilikuwepo, majina yameondolewa, naomba mtazame matumizi ya pili ya data hizi. Kamati ilimhoji, ikataka kuona fomu, ikatoa maoni yake kuhusu matumizi hayo tu. Katika makala aliandika hivyohivyo, bila kupamba. Ilikula miezi mitatu. Ndiyo maana siku hizi ninawaambia wanafunzi waombe kibali kabla ya fomu ya kwanza kuchapishwa, nao wananiangalia kama mtu anayewachelewesha kula.

Kuhusu majina ya waandishi nitasema kwa ufupi kwa sababu bado kunauma. Mtu mmoja mkubwa alitaka kuwa wa kwanza kwa kuwa kazi "ilitoka chini yake". Kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, ICMJE, ina masharti manne na mwandishi lazima atimize yote: awe amechangia kwa uzito kubuni kazi au kukusanya au kuchambua data, awe ameandika au kurekebisha maandishi, awe ameidhinisha toleo la mwisho, na akubali kuwajibika kwa kazi nzima. Cheo hakimo. Tulimpelekea masharti hayo kwa Kifaransa, kwa adabu yote, pamoja na rasimu na ombi la kurekebisha sehemu ya majadiliano. Hakurudisha neno. Tulimweka kwenye shukrani. Muuguzi alikaa wa kwanza, direkta wake, aliyesoma kila rasimu, akakaa mwisho, na yule kijana wa penseli akapata nafasi katikati, kwa sababu alirudi kwenye fomu zote 384 pamoja nasi na kuandika sehemu ya mbinu. Mimi nilikuwa wa tatu.

Kuandika kwenyewe kulianzia mahali pasipotarajiwa, kwenye majedwali. Mawili tu. Kisha mbinu, kisha matokeo, na utangulizi mwisho, aya nne. Tulifuata orodha ya STROBE, ile ya tafiti za uchunguzi, yenye vipengele 22. Kipengele cha 8 kinauliza ulipima vipi na cha 9 kinauliza upotofu unaweza kuwa umetoka wapi. Muuguzi wetu alivisoma akasema, "Basi hii ndiyo makala yenyewe." Marejeo tuliyapata kupitia Hinari, mpango wa Shirika la Afya Duniani unaofanya kazi tangu mwaka 2002 na ambao kwa nchi kama yetu ni wa bure. Taasisi ndiyo hujiandikisha, siyo mtu binafsi, na neno la siri hukaa kwa mtunza maktaba. Kwa wetu lilikuwa limebandikwa kwa selotepu nyuma ya droo. Miaka mingapi tumelipa mega za intaneti kutafuta makala zilizokuwa zikitusubiri pale?

Lugha ya kuandikia tuliijadili sana. Kuna majarida mazuri yanayopokea Kifaransa: Pan African Medical Journal lililoanza mwaka 2008 huchapa Kifaransa na Kiingereza, na Kinshasa wana Annales Africaines de Médecine. Tulichagua jarida la Kiingereza kwa sababu suala la tafsiri za papo kwa papo linawahusu watu wa Tanzania na Kenya vilevile. Tuliweka sharti moja: sentensi nne za wahoji zibaki kwa Kiswahili cha Bukavu, kama zilivyosemwa, na tafsiri ikae chini yake.

Ada ya jarida ilikuwa zaidi ya mshahara wake wa mwaka. Kongo imo kwenye kundi la nchi ambazo wachapishaji wengi huziondolea ada, lakini ombi lazima liingie pamoja na makala, siku ileile ya kutuma. Ukingoja mpaka ukubaliwe ndipo uanze kulia umaskini, wengi hawasikii. Tuliomba siku ya kutuma. Tukapewa.

Wasomaji wawili wa kitaaluma walirudisha kurasa saba. Wa kwanza aligusa penye kidonda: kila mhoji alifanya kazi katika mtaa wake, huyu Cimpunda, yule Nyamugo, basi mnajuaje kwamba tofauti imetokana na maneno, isiwe imetokana na mtaa? Hatukujua, na kwa namna kazi ilivyopangwa haikuwezekana kujua kikamilifu. Kulinganisha kila mama na karte ya mtoto wake kulisaidia, maana kila mmoja alipimwa kwa kipimo chake mwenyewe, lakini hakukuondoa shaka yote. Tuliandika hivyo kwenye mapungufu ya utafiti, sentensi tatu zilizonyooka, na neno "husababisha" likafutwa kila lilipokuwepo. Muuguzi alidhani tumeshindwa. Msomaji yule ndiye aliyependekeza makala ipokelewe.

Wa pili alituaibisha kwa swali dogo. Kwa nini hamkuuliza kama wanavyouliza kwenye tafiti kubwa za idadi ya watu na afya? Kongo imefanya tafiti hizo, ya mwaka 2007, ya 2013-2014 na ya 2023-2024, na fomu zake ziko wazi kwa kila mtu. Humo hawaulizi tu "amepata chanjo?" Mama asiye na karte anaulizwa kitu kimoja kimoja, mahali pake mwilini: sindano ya mkononi au begani ambayo kwa kawaida huacha kovu, matone ya mdomoni, sindano ya pajani, na kila mara, mara ngapi. Dawa ilikuwepo miaka yote. Sisi tulifunguka macho kwa kalamu ya penseli.

Tangu siku ya mfuko wa sambaza hadi makala kutoka ilipita miaka miwili kasoro kidogo. Kurasa 94 zimekuwa 9.

Alipeleka nakala kwenye kituo cha afya kimoja cha Cimpunda, siku ya kupima watoto. Muuguzi mkuu wa pale hakuisoma, ana watu mlangoni. Alisoma jedwali la sentensi nne tu, akaita mareko wake wawili, wahamasishaji wanaopita nyumba kwa nyumba, akawauliza wao husemaje. Walitoa ya tano na ya sita. Basi wakachukua kartoni, wakaandika kwa maka (kalamu nene ya wino) maneno ya kuuliza: karte iko wapi, matone mdomoni, mara ngapi, sindano pajani, mara ngapi, kovu mkononi, lipo? Wakaibandika karibu na mizani.

Reko mzee akaitazama kwa muda, akasema ni vizuri, lakini juma lililopita alikutana na bibi watatu walioshuka kutoka Kabare na wajukuu zao, na hao hawana Kiswahili, wana Mashi. Nani atakayewaandikia hiyo kwa Mashi? Muuguzi wangu akavuta kiti, akaomba maka.